KOPO NA KILO: NAMNA YA KUJUA UZITO WA MBEGU

Ninyi wakulima wa Eringeti, mnajua sana kupima kwa kopo. Mama akipika wali hupima mchele kwa kikombe, na wali unaiva vizuri. Sokoni vilevile maharagi na karanga huuzwa kwa kopo. Kwa kupika hakuna neno. Lakini mbegu za shamba, na deni la mbegu, zataka kilo. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa upande wa Beni wamekimbia mashamba yao kwa ajili ya vita. Mtu anayerudi shambani ana mbegu chache. Akikosa hesabu, hana nyingine za kupanda.

Jueni neno hili: kopo lapima nafasi, halipimi uzito. Jaza kopo moja mahindi, kisha lijaze mpunga. Kopo ni lile lile, lakini uzito si ule ule, maana mpunga una maganda, na katikati ya punje mna hewa nyingi. Kopo la litri 1, likijazwa mbegu kavu na kusawazishwa juu, huwa na uzito karibu na huu:

Maharagi: gramu 800
Soya: gramu 730
Mahindi: gramu 720
Karanga zilizomenywa: gramu 630
Mpunga: gramu 570

Maji ndiyo yanayofika kilo 1 kwa litri 1. Kwa hiyo bidoni la litri 20 halichukui kilo 20 za mahindi, bali kilo 14 na nusu hivi. Na za mpunga, kilo 11 na nusu tu.

Tazameni hasara yake. Shamba la hektari 1 likipandwa mahindi kwa mistari, sentimetri 75 kati ya mistari na sentimetri 50 kati ya mashimo, lina mashimo zaidi ya 26,000. Ukitia punje 2 kila shimo, na kuweka akiba kwa zile zisizoota na zile zinazoliwa na ndege, utahitaji kilo 20 hivi. Mtu anayedhani kopo la litri ni kilo atanunua makopo 20. Amepata kilo 14 na kidogo. Zaidi ya robo ya shamba lake halina mbegu, na mvua haimngojei. Ilimpasa kununua makopo 28.

Basi pimeni kila mtu kopo lake, hivi:

1. Tafuteni mizani. Wanunuzi wa kakao wanayo.

2. Ijaribuni kwanza. Pimeni bidoni tupu, kisha tieni litri 5 za maji. Uzito uongezeke kilo 5. Kama sivyo, mizani ni mbovu.

3. Pimeni mfuko mtupu, mkaandike uzito wake.

4. Tieni mfukoni makopo 10 ya mbegu kavu, iliyopepetwa. Kila kopo lisawazisheni kwa kijiti kilichonyooka. Msilitikise wala msilijaze kwa kilima.

5. Pimeni, ondoeni uzito wa mfuko, gawanyeni kwa 10. Huo ndio uzito wa kopo moja. Makopo 10 hukosea kidogo kuliko kopo 1.

6. Fanyeni hivyo kwa kila namna ya mbegu, mkaandike hesabu katika karatasi na kuihifadhi nyumbani.

Mkibadili kopo, pimeni tena. Kopo lililobonyea, au lililotiwa karatasi chini, si kopo lile mlilopima.

Na mkikopeshana mbegu, andikeni kilo. Wako watu wanaotoa makopo yaliyosawazishwa wakati wa kupanda, wakadai ya kilima wakati wa kuvuna. Kilima juu ya kopo ni mali ya mtu. Mwenye kujua kilo za kopo lake atalipa alichokopa, wala hatalipa zaidi.