Hulka Zetu na Kujifunza Kutokana na Makosa

Kila mmoja wetu ana hulka yake. Yuko mchangamfu, anayenyanyua mkono kabla mwalimu hajamaliza swali. Yuko mkimya, ambaye jawabu analijua lakini anaogopa kulitamka. Je, hulka hizi zina athari gani katika kujifunza, hasa pale tusipokuwa na hakika lipi ni sahihi na lipi ni kosa?

Mwaka 1970 mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza, Jeffrey Gray, alieleza kwamba wachangamfu huvutwa zaidi na malipo, na wakimya huathirika zaidi na adhabu. Anayetazama malipo huthubutu. Anayetazama adhabu hujizuia.

Mwaka 1987, huko Marekani, Patterson, Kosson na Newman waliwafanyia majaribio wanafunzi wa chuo kikuu. Mwanafunzi alioneshwa namba za tarakimu mbili, moja baada ya moja. Baadhi zilikuwa nzuri: akibonyeza kitufe hulipwa kidogo. Nyingine zilikuwa mbaya: akibonyeza hukatwa. Hakuambiwa zipi ni zipi. Ilimbidi ajifunze kwa kujaribu na kukosea.

Ilidhihirika kwamba wachangamfu, baada ya kukosea, hawakutulia kuitazama namba iliyowaponza, bali waliharakia inayofuata. Kwa hiyo waliangukia makosa yale yale. Na lililo kubwa zaidi ni hili: awe mchangamfu au mkimya, aliyetulia zaidi baada ya kosa ndiye aliyejifunza zaidi kutokana na kosa hilo.

Hapa tunapata mafunzo mawili:

Kwanza, kwa mchangamfu. Urudishiwapo daftari lenye alama nyekundu, usilifunge upesi. Soma tena swali, tazama ulichoandika, ujue kwa nini si sahihi, ndipo uendelee na jingine.

Pili, kwa mkimya. Kujizuia kuna faida yake, lakini asiyejibu kabisa hana la kusahihishwa. Hata namba nzuri haijulikani kuwa nzuri mpaka ijaribiwe. Jibu, ijapokuwa sauti inatetemeka.

Wahenga wetu walisema: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hulka hatukuichagua, lakini kutulia baada ya kukosea kumo ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu. Basi tuanze na daftari la leo, tusingoje siku ya mtihani.