Sura ya Nne: Bakuli la Siku za Kazi

Katito ni njia panda. Barabara kuu itokayo Ahero hupita hapo ikielekea Sondu na Kisii, na nyingine huchepuka kufuata ziwa hadi Kendu Bay na Homa Bay. Kwa hiyo vyakula vya pande nyingi hukutana hapo: mchele wa mashamba ya umwagiliaji ya Ahero na mtama wa uwanda wa Kano kutoka chini, viazi vitamu vya Kabondo pamoja na ndizi na maparachichi ya Kisii kutoka juu, na samaki kutoka ziwani. Mgeni akiulizia chakula cha mchana ataelekezwa kwenye samaki, wala hakuna wa kumlaumu anayemwelekeza. Sura hii ni ya yule anayetaka kula vile vingine vyote.

Wengi tumezoea kuona saladi kama letasi, tango na vipande vitatu vya nyanya pembeni mwa sahani ya chipsi. Letasi hiyo ikisafirishwa hadi Katito kwenye joto la saa nane hufika imesinyaa, na hata ikifika nzima haishibishi. Aliyekula majani mabichi matupu saa saba atakuwa anatafuta mandazi saa kumi. Bakuli ninalolizungumzia hapa ni mlo kamili: nafaka au viazi chini, kunde au maharagwe juu yake, mboga za kienyeji zilizochemshwa kidogo, kitu kibichi chenye uchachu, na mafuta yatokayo kwenye karanga, simsim au parachichi. Karibu vyote huliwa vikiwa vimepoa, na faida iko hapo hapo. Chakula kinacholiwa kimepoa unaweza kukipika ukiwa na nafasi, badala ya kungoja hadi uwe na njaa.

Wazo hilo si geni katika eneo hili. Ukifuata ile barabara ya ziwani utafika Gendia, karibu na Kendu Bay, ambako mwaka 1906 walifika Arthur Carscallen, mmishonari Mkanada wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Kanisa walilolileta lina mafundisho mengi kuhusu chakula. Kuacha nyama kabisa linakupendekeza bila kukulazimisha, ingawa mumi, samaki asiye na magamba, haruhusiwi, na hilo si jambo dogo kwa watu wa ziwa hili. Lakini kwa mpishi wa siku za kazi, somo kubwa la Gendia linahusu Ijumaa kuliko nyama. Sabato huanza jua likitua Ijumaa, na desturi ni kwamba mapishi yawe yamekwisha kabla ya hapo. Kwa zaidi ya miaka 100, basi, kumekuwa na jikoni kando ya barabara hii ambamo kila wiki chakula cha kesho hupikwa leo kwa makusudi. Mwadventista hufanya hivyo mara moja kwa wiki kwa ajili ya ibada. Mwalimu, karani au mhudumu wa M-Pesa anaweza kufanya hivyo mara mbili kwa ajili ya usingizi wake.

Kinachokula muda ni nafaka na maharagwe, kwa hiyo tuanze navyo. Nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo kwa Wakikuyu ni githeri, inajulikana na kila mtu hapa, na watu wengi huidharau kama chakula cha bweni. Kilishe si ya kudharauliwa. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino zinazounda protini, na maharagwe yanayo tele. Maharagwe nayo yana upungufu wa asidi amino nyingine, methionini, ambayo mahindi huijazia. Kila kimoja kinafunika pengo la mwenzake, na hata si lazima vikutane katika bakuli moja. Inatosha viliwe siku moja.

Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, weka mapya. Kuloweka hupunguza gesi tumboni na pia faiteti, kemikali inayozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu, maji yakiruka, kwa dakika 10 angalau, ndipo upunguze moto. Yana lektini inayotapisha vibaya, na moto wa makaa yanayofifia hauiondoi. Nyoyo ya saladi huepuliwa mapema kidogo kuliko ile ya kukaanga: punje iwe laini, ganda lisipasuke. Ichuje ingali moto na uitandaze kwenye sinia mpaka mvuke uishe. Ukiifunika ndani ya sufuria itaendelea kujipika yenyewe, na kesho yake utakuta uji wenye dalili za kuchacha.

Nikiambiwa nichague nafaka moja tu ya bakuli, nachagua mtama. Kando ya ziwa tumeuzoea kwenye uji, kwenye ugali na kwenye pombe, yaani daima ukiwa umesagwa, na hapo tunajinyima. Mtama mzima uliolowekwa usiku huiva kwa kama saa moja. Kila punje hubaki peke yake, hutafunika vizuri, na haushikani ukipoa kama wali unavyoshikana. Wali nao utumie, lakini kwa uangalifu: mchele hubeba vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ulioachwa usiku kucha kwenye joto la Kano unaweza kukuletea kutapika hata ukiupasha asubuhi.

Hapo tunafikia suala la friji, maana vitabu vingi vya mapishi huandikwa kana kwamba kila jikoni inayo. Mwenye friji apike Jumapili na Jumatano, agawe katika mikebe, atulie. Asiye nayo asijaribu kuweka nyoyo siku tatu. Afadhali ategemee ndengu, zile Watanzania wanazoita choroko. Ndengu zilizolowekwa tangu jioni huiva asubuhi kwa takriban dakika 20, muda wa kuoga na kupiga pasi shati. Au aziache ziote. Baada ya kuloweka, zichuje, zifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, uning'inize mahali penye kivuli, na uzisuuze asubuhi na jioni. Kwa joto la huku, siku ya pili utaona mkia mweupe wa urefu wa ukucha ukitokeza kila punje. Wahindi wa Kisumu, ambao miongoni mwao kuna familia zisizogusa nyama tangu vizazi vya nyuma, hupika hivyo hivyo ndengu zilizoota. Kuota huongeza vitamini C, ambayo ndengu kavu karibu haina. Zitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili kabla ya kula, kwa sababu unyevu na joto vinavyoziotesha huotesha na bakteria vilevile.

Mboga za kienyeji ndizo utajiri wa bakuli la Katito, na hapa sitafanya haraka. Sokoni utapata osuga, ambayo Nairobi huitwa managu na Tanzania mnavu; dek, yaani saga au mgagani; ododo, boo, mito, susa ya maboga. Kwa miaka mingi zilionekana kuwa chakula cha asiye na pesa ya kabichi. Miongoni mwa waliobadilisha mtazamo huo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja. Utotoni alikuwa na mzio wa protini za wanyama, akakuzwa kwa mboga hizi hizi, kisha akazifanya kazi yake ya maisha: mbegu zake, lishe yake, soko lake.

Nunua asubuhi. Ukimuuliza muuzaji, "Mama, hizi ni za leo?" atakujibu ni za leo, kwa hiyo tazama mahali shina lilipokatwa: likiwa bado na majimaji, ni za leo kweli, likiwa limekauka na kubadilika rangi, mpe heshima yake na uende meza inayofuata. Chambua majani na vikonyo vyororo. Maji yachemke mpaka yaruke, tia chumvi kidogo, tumbukiza majani. Osuga inatosha dakika mbili au tatu. Dek ina uchungu wake, iache hadi tano. Chuja, mimina maji safi ya baridi ili rangi isife, kisha kamua kwa mikono miwili mpaka yawe donge. Usipokamua, maji ya mboga yatashuka chini ya bakuli na mtama wako utaogelea. Katakata donge, lifumue kwa vidole.

Magadi hayana nafasi hapa. Yanalainisha kunde haraka na kuhifadhi rangi ya kijani, lakini yanaua vitamini C. Apoth, ambao ni mrenda, nauachia ugali. Uteute wake unafaa sana kwa tonge, na katika saladi ni balaa. Kuna na ule mtindo wa wazee wa kupika osuga au dek kwa maziwa, kuilaza, na kuipasha tena kesho yake mpaka uchungu uondoke. Kwa mla mboga anayekunywa maziwa, kijiko kikubwa cha osuga hiyo juu ya mtama uliopoa ni chakula ambacho hoteli za Kisumu zingekipandisha bei kama wapishi wao wangekijua.

Kisha mchuzi wa karanga, unaobeba kila kitu. Chagua karanga zako moja moja kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu mdomoni, itupe, maana ukungu huo huacha aflatoksini, sumu ambayo kikaango hakiiondoi. Saga, au nunua za kusaga zisizotiwa sukari. Weka vijiko viwili vikubwa katika kikombe, kamulia ndimu moja, koroga. Zitakazana na kuwa ngumu kama udongo wa kukandikia, na hapo ndipo wapishi wengi hudhani wameharibu na kutupa. Endelea kukoroga huku ukitia maji ya uvuguvugu kijiko kimoja kimoja. Ghafla zitalegea, zitang'aa, na kutiririka kama maziwa lala. Tia chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili kama unapenda. Simsim iliyokaangwa na kutwangwa inafuata njia hiyo hiyo.

Mafuta ya karanga na simsim yana kazi nyingine pia. Karoteni iliyo ndani ya osuga, karoti na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Viazi hivyo vya rangi ya machungwa vina historia: mwaka 2016 Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kuvikuza na kuvieneza Afrika, pamoja na Howarth Bouis aliyesukuma mbele wazo zima la kuongeza lishe ndani ya zao lenyewe. Kiazi cheupe kitakushibisha vilevile, ila karoteni yake ni kidogo mno. Chemsha na maganda yake, menya kikipoa, kata vipande vya kuingia mdomoni.

Kachumbari hutengenezwa mwisho, na ni ya dakika 10. Kitunguu kikate chembamba, kifikiche kwa chumvi, kisuuze. Ukali utatoka na utamu utabaki. Nyanya zisiguswe na chumvi mpaka dakika ya kula, la sivyo zitatoa maji yote. Dania, hoho, embe bichi lililokunwa wakati wa msimu. Kila kitu kinacholiwa kibichi kioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa au yaliyochemshwa, kwa sababu kipindupindu kinajulikana kandokando ya ziwa hili, na ndimu peke yake haitoshi kukusafishia nyanya. Lakini ndimu iwepo, kwa kuwa vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe, ambayo kwa kawaida hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama.

Adui wa madini hayo anatoka mlimani Kericho. Chai, hasa ile nzito tunayoimimina mara tu sahani ikiondolewa, ina tanini zinazoshika chuma tumboni na kukitoa nje bila kukutumikia. Sishauri mtu aache chai, ningefukuzwa. Ingoje saa moja baada ya kula. Na ambaye hali kabisa maziwa wala mayai ajue kwamba vitamini B12 haimo katika mboga hizi, hata ale kiasi gani; atafute vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

Basi Jumatatu inaweza kuwa mtama, ndengu, osuga na mchuzi wa karanga. Jumanne viazi vya Kabondo, maharagwe na kachumbari, na nusu parachichi. Jumatano nyoyo iliyochanganywa na dek na simsim. Alhamisi unafagia mabaki, na si vibaya bakuli la Alhamisi likawa bora kuliko yote. Ukibeba kazini, mchuzi ukae katika kichupa chake na kachumbari katika mkebe wake, parachichi libebwe zima na kisu, na bakuli likae kivulini mpaka saa ya kula. Usiliache chini ya kiti cha matatu juani. Nyoyo ikibaki Ijumaa mchana, ikaange kwa kitunguu na nyanya kabla jua halijatua.