Abiria na Mizigo Katika Gari Moshi Moja

Leo twataka kueleza jambo ambalo wengi wamelisikia bila kupata wa kuwafafanulia, nalo ni kuunga mabehewa ya abiria na ya mizigo katika gari moshi moja.

Sisi tukaao Temeke twaishi kando ya reli. Stesheni ya TAZARA iko kwetu, na kutoka hapo njia yakwenda mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, mwendo wa kilomita 1,860. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Juu ya njia hiyo moja hupita shaba iendayo bandarini, bidhaa ziendazo bara, na wasafiri pamoja na watoto wao. Mwaka 2012 yakaanza kupita hata magari ya wakazi wa mjini waendao kazini asubuhi. Basi wanafunzi wetu hutuuliza: ikiwa njia ni moja, kwa nini watu na shehena wasivutwe pamoja?

Jibu ni kwamba jambo hilo limefanywa tangu zamani katika nchi nyingi, hasa kwenye reli za matawi zenye wasafiri wachache. Tuseme mji mdogo wa mwisho wa reli una abiria wa kujaza mabehewa mawili tu, na mahindi ya kujaza mabehewa kumi. Kupeleka mashine mbili, madereva wawili na mafuta mara mbili ni hasara. Mashine moja yaweza kuvuta yote. Kwa hesabu hiyo mji ambao usingepata gari la abiria kabisa hupata moja, ijapokuwa ni la polepole.

Lakini msafiri hulipa kwa saa zake. Gari la mizigo husimama kuacha behewa hapa na kuchukua jingine pale, na abiria hungoja mpaka kazi iishe. Tena mwendo wa vitu hivi viwili si sawa. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ilipangwa iende kilomita 160 kwa saa kwa abiria na 120 kwa mizigo. Ukiwafunga pamoja, mwenye mbio humfuata mwenye kujikokota.

Hata hivyo, kuchelewa si jambo kubwa. Jambo kubwa ni breki.

Chini ya mabehewa hupita bomba la hewa, kutoka kwenye mashine hadi behewa la mwisho. Hewa iliyoshindiliwa ndani yake ndiyo izuiayo breki zisishike. Dereva akiipunguza, breki hushika magurudumu yote. Na bomba likikatika, breki hushika zenyewe, kwa kuwa kila behewa lina tangi lake dogo lenye akiba ya hewa. Zamani mabehewa mengi ya mizigo hayakuwa na bomba hilo. Behewa la namna hiyo likitiwa katikati, yote yaliyo nyuma yake hukosa breki ya dereva.

Ubaya wa kukosa breki ulionekana Armagh, nchini Ireland, tarehe 12 Juni 1889. Gari lililojaa watoto na wazazi wao waliokwenda matembezi lilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakalikata vipande viwili ili wavute kimoja kwanza. Breki ya gari lile ilifanya kazi maadamu limeungwa na mashine tu, lilipokatwa, ikaachia. Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mawe hayakufaa. Mabehewa yakarudi chini na kugongana na gari lililofuata, na watu 80 wakafa. Mwaka ule ule Uingereza ikatunga sheria kwamba magari ya abiria yawe na breki ijishikayo yenyewe katika kila behewa. Na katika gari la mchanganyiko mabehewa ya abiria yakawekwa mbele, karibu na mashine, ili bomba lao lisikatizwe na mizigo.

Mtu angedhani somo hilo limekwisha kujifunzwa. Lakini tarehe 25 Mei 2002, huko Tenga, Msumbiji, gari lililochukua abiria na saruji pamoja liliharibika njiani. Mabehewa ya abiria yakatengwa na ya mizigo, nayo yakazuiwa kwa mawe. Yakateremka, yakagonga yale ya saruji, na watu zaidi ya 190 wakapoteza maisha. Haukupita mwezi, tarehe 24 Juni 2002, msiba ukafika kwetu. Katika mkoa wa Dodoma gari la abiria lilirudi nyuma mlimani na kugonga gari la mizigo. Watu 281 walikufa. Hilo halikuwa gari la mchanganyiko. Abiria walikuwa wametengwa na mizigo, lakini kutengwa peke yake hakukuwaokoa.

Basi twasema hivi. Kuchanganya abiria na mizigo si kosa, wala si kuwadharau watu wa miji midogo. Kosa ni kuwapandisha watu mlimani kabla ya kujua kama breki yafika mpaka behewa la mwisho. Kwa hiyo kabla ya safari breki hupimwa, na upimaji huo huchukua muda. Abiria huona kuchelewa, nao hupiga kelele kwamba gari liondoke.

Ninyi mtakaosafiri, mkiona mfanyakazi akiinama kati ya behewa na behewa hali saa ya kuondoka imepita, msimharakishe. Mwacheni amalize, hata kama jamaa zenu wanangoja mbele.

Kwaherini.