Jina la Eldoret: Namba, Mto na Utawala

Mji wa Eldoret, katika nyanda za juu za Uasin Gishu, ulianzia kwenye posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64. Walowezi waliuita kwa namba hiyo kwa Kiingereza. Wenyeji wakaitohoa kuwa Sisibo. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni iliuita Eldoret, jina linalonasibishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, yaani Sosiani. Mwaka 2013 baraza la manispaa liliipisha serikali ya kaunti. Tarehe 15 Agosti 2024 mji ukawa jiji. Basi, mchunguzi atakayetegemea hati za utawala peke yake atawakuta watawala; wenyeji atawakuta katika matamshi.