Sura ya Tano: Kifungu cha 53 Ubaoni

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ina vifungu 264. Mtu wa kujitolea aliyepewa kipindi kimoja na wanafunzi wa gredi ya sita hawezi kuvimaliza, wala asijaribu. Kimoja kinamtosha, cha 53. Humo mtoto ana haki ya jina na uraia tangu azaliwe, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makao na matibabu, malezi ya baba na mama wawe wameoana au la, na kulindwa dhidi ya ukatili na kazi za kumdhuru.

Wasaidizi wa kisheria wanaojitolea kwa kazi hii, ambao Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya 2016 inawatambua, kwa kawaida si mawakili. Nguvu yao ni kuujua mtaa: chifu ni nani, afisa wa watoto anapatikana wapi na siku gani. Hata hivyo, wengi huanza kwa kuwaimbisha watoto. "Haki ni nini?" Darasa zima linaitikia kwa kelele, wageni wanapiga makofi, na somo linaishia hapo.

Anayeijua kazi huanza na kisa. Anaandika ubaoni: Achieng' amerudishwa nyumbani kwa kuwa mamake hajalipa pesa za mtihani. Je, ni halali? Wengi watasema ndiyo, maana wameyaona yakitendeka. Ndipo anapowasomea kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: shule ya umma haitozi karo ya masomo, na hata michango iliyoidhinishwa, mtoto hazuiwi kusoma kwa kukosa kuilipa. "Sasa mwalimu, nitamwambia nani?" anauliza mmoja wa nyuma.

Hapo ndipo somo lilipo. Mtoto hatumwi akabishane na mwalimu mkuu. Huenda akala kiboko, ingawa kifungu cha 36 cha sheria hiyohiyo kimekiharamisha. Mzazi ndiye aanzie kwa mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mambo ya kupigwa au kunajisiwa yana njia yake: afisa wa watoto, polisi, au simu 116 isiyolipiwa. Anayekuja kunong'ona baada ya kipindi asikilizwe faraghani, wala asiahidiwe siri ambayo haitawezekana kutunzwa.

Walimu huhofia kwamba masomo haya yatazaa wakaidi. Hofu hiyo ina msingi pale mgeni anapoingia kama mkaguzi. Kwa hiyo keti nao kwanza, usome nao kifungu cha 53 kabla ya watoto. Na kabla hujatoka darasani, hakikisha kila daftari lina namba 116.