Kijiko cha Kimea katika Uji wa Mtoto

Akina mama wengi hapa Kisii na Nyamira huuliza: mbona mtoto anakunywa uji kila siku na bado hanenepi? Mara nyingi shida si uji, ni maji. Uji mzito mtoto wa miezi 7 hawezi kumeza, basi tunaongeza maji mpaka unateremka kama chai. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama kikombe kimoja tu. Likijaa maji, chakula kitaingia wapi?

Dawa iko ndani ya punje ya wimbi. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana. Ukipikwa hufyonza maji na kuvimba, ndiyo maana uji huganda. Lakini mbegu ikianza kuota hutengeneza vimeng'enya viitwavyo amilesi, vinavyoukata mnyororo huo vipande vifupi ili chipukizi lipate cha kula. Ndugu zao wamo hata katika mate yetu. Hebu tafuna ugali muda mrefu bila kumeza, utaonja utamu. Ndizi mbichi ikiiva, wanga wake pia hugeuzwa sukari na vimeng'enya.

Bibi zetu wanakijua kimea tangu zamani, ila wengi walikitumia kwa pombe! Tanzania walianza kueneza unga wa kimea kwa uji wa watoto miaka ya 1980.

Loweka wimbi safi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3. Anika juani likauke kabisa, pukuta mizizi na machipukizi, kisha saga. Likiota ukungu tupa, hata kuku wasipewe. Mtama msitumie, machipukizi yake yana sumu.

Pika uji mzito, hata wa mahindi. Wimbi ni ghali, lakini hapa kidogo chatosha. Epua, ngoja upoe kiasi, kwa sababu amilesi hufa katika uji unaochemka. Tia kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe, koroga, ngoja kama dakika 10. Utaona unalainika mbele ya macho yako. Sasa rudisha motoni uchemke tena, maana kimea huweza kuwa na vijidudu. Hautakuwa mzito tena, minyororo imeshakatika. Na maji msiongeze: faida yote ni ule unga mwingi ulioingia katika kikombe kile kile.