Kwaya Mbele ya Watu: Kuimba Si Sauti Pekee

Kwaya zetu nyingi hukutana kwa mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki. Karibu muda wote huo hutumika kujifunza sauti, ya kwanza hadi ya nne, kila kundi na sehemu yake. Ni jambo jema. Lakini siku ya kuimba inapofika watu hawatusikilizi tu, bali wanatutazama pia, na hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa aibu. Tulialikwa kwenye mkutano wa kijiji kuimba wimbo wa kuwahimiza akina mama wajawazito waanze kliniki mapema, na akina baba wawasindikize. Sauti zote zilikaa vizuri. Hata hivyo, nusu yetu tulikuwa tumeinamia madaftari, safu ya nyuma ilikuwa ikinong'onezana kuhusu nafasi ya kusimama, na ule ubeti wa mama anayefariki njiani tuliuimba tukitabasamu. Baadaye mama mmoja mzee alituuliza kwa upole kama wimbo ule ulikuwa wa harusi. Ujumbe tuliotumwa kuupeleka haukufika.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukitenga robo saa katika kila mazoezi kwa ajili ya kujifunza kusimama mbele ya watu. Yafuatayo ndiyo tuliyoyaona yakisaidia, na kwaya yoyote inaweza kuyafanya bila gharama.

Kuingia na kutoka

Kwa msikilizaji, wimbo huanza pale anapotuona tukiinuka. Kwa hiyo kila mwimbaji ajue mapema yuko safu ya ngapi, nani yuko mbele yake na nani yuko nyuma yake. Wafupi wakae mbele ili wote wamwone mwalimu. Sare na vitambaa virekebishwe kabla ya kuinuka. Wimbo ukiisha, tusitawanyike mara moja. Tubaki kimya mpaka mwalimu ashushe mikono, kisha tutoke kwa utaratibu ule ule.

Namna ya kusimama

Wengi tulifundishwa kusimama shuleni tulipoimba wimbo wa taifa: mguu sawa, mikono chini, kifua mbele. Mkao huo unafaa kwa dakika mbili, lakini kwaya husimama muda mrefu zaidi. Mtu akisimama bila kutikisika kabisa, hasa penye joto, damu hutuama miguuni na kiasi kinachofika kwenye ubongo hupungua. Ndiyo maana waimbaji wengine huona kizunguzungu au huanguka.

Ni vema miguu iachane kidogo, uzito ugawanyike sawa kwa miguu yote miwili, na magoti yasikazwe. Mara kwa mara tukaze na kulegeza misuli ya nyuma ya miguu, maana misuli hiyo husukuma damu irudi juu. Tunywe maji kabla ya kuimba. Anayejisikia vibaya akae chini mara moja bila kuona haya.

Mabega yalegezwe na shingo isinyooshwe kwenda juu. Pumzi ivutwe mpaka tumbo na mbavu zipanuke. Mabega yakipanda kila tunapovuta pumzi, hewa inayoingia huwa kidogo na shingo hukaza.

Macho na uso

Daftari ni msaada wa mazoezini. Anayelisoma jukwaani hamwoni mwalimu wala watu, na sauti yake huishia kwenye karatasi. Tujifunze maneno kwa moyo. Ikilazimika kushika daftari, liinuliwe hadi usawa wa kifua.

Tumtazame mwalimu mwanzoni, mwishoni, na pale mwendo wa wimbo unapobadilika. Sehemu nyingine tuwatazame watu. Kwa mwenye hofu ya kukutana nao macho, atazame juu kidogo ya vichwa vya walioketi nyuma. Wao hawatatambua tofauti.

Kuhusu uso, hatushauri kuigiza. Tunachofanya ni hiki: kabla ya kuimba ubeti, mwimbaji mmoja anaeleza kwa maneno yake mwenyewe ubeti huo unasema nini na unamhusu nani. Kisha tunausoma pamoja kama watu wanaozungumza. Mtu akielewa anachosema, uso wake hufuata wenyewe. Kosa letu kubwa lilikuwa kutabasamu kwa mazoea, kama tulivyozoea kufanya kwenye nyimbo za shukrani.

Miondoko

Watu wetu wanapenda kwaya inayocheza, nasi tunapenda. Lakini hatua kubwa hula pumzi, na mmoja akikosea wote wanaonekana wamekosea. Tufundishane hatua bila kuimba, kisha tuimbe bila kucheza, halafu tuunganishe. Ikiwa sauti inadhoofika tunapounganisha, hatua zipunguzwe.

Kuna mfano mzuri kutoka Afrika Kusini. Waimbaji wa isicathamiya, ambao kundi la Ladysmith Black Mambazo la marehemu Joseph Shabalala liliwafanya wajulikane duniani, hucheza kwa hatua laini sana, na jina la mtindo huo kwa Kizulu linahusu kutembea kwa kunyata. Hatua zao ni ndogo, ila zote ni za pamoja, na kila neno husikika. Penye ubeti unaobeba maelekezo, kama siku ya kliniki au dalili za hatari, sisi husimama kabisa.

Kipaza sauti

Mara nyingi kwaya nzima hupewa vipaza sauti viwili. Visipewe wenye sauti kubwa. Viwekwe mbele kidogo ili vichukue kundi zima, na visielekezwe kwenye spika, maana ndipo mlio mkali hutokea. Tusivipulize wala kuvigonga ili kuvijaribu. Tuseme maneno machache tu.

Hofu na makosa

Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na mdomo kukauka ni kawaida, hata kwa waimbaji wa siku nyingi. Kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko wa kuivuta, hutuliza mwili. Dawa nyingine ni mazoezi ya mwisho kufanyika mbele ya watu wachache, hata watoto wa jirani, tukiwa tumejipanga kama siku yenyewe.

Mtu akikosea, asicheke, asizibe mdomo, na wenzake wasigeuke kumtazama. Mara nyingi msikilizaji hagundui kosa mpaka sisi tumwonyeshe. Mazungumzo ya kusahihishana yasubiri mazoezi yajayo, na yafanywe kwa upendo, kwa kuwa hawa ni watu wanaojitolea baada ya kutoka shambani au kazini.

Miezi michache baadaye tulirudi katika kijiji kile na wimbo ule ule, bila madaftari. Ulipofika ubeti wa huzuni, watu walinyamaza. Tulipomaliza, akina baba wawili walikuja kutuuliza kliniki ni siku gani, na kama kweli wao pia wanaruhusiwa kuingia. Tuliwajibu kwamba wanaruhusiwa.